Bomba likipinda chini ya Pate: jibu kwa mwalimu wa Faza

Swali: "Assalaam aleikum, mhandisi. Nafundisha sayansi hapa Faza, kisiwani Pate, Lamu. Wanafunzi wangu wameona video ya China: watu wanachimba karibu kilomita nne kwenda chini, kisha bomba linalala na kwenda upande, na gesi inatoka ndani ya jiwe gumu. Wazee wetu husema Pate kilichimbwa kisima zamani, gesi ikapatikana, kikafungwa. Je, kwa ufundi huu mpya gesi yetu haiwezi kutolewa? Na bomba hilo likipita chini ya nyumba na visima vyetu vya maji, kuna hatari gani?"

Waaleikum salaam, Mwalimu. Swali lako nimelisoma mara tatu, kwani ni maswali mawili yaliyogandana kama chaza na jabali, na nisipoyabandua nitakupoteza. Gesi wanayoisimulia wazee na gesi ya zile video ni vitu viwili tofauti.

Wazee hawakukosea. Mwaka 1971 kisiwani Pate kilichimbwa kisima chenye kina cha zaidi ya mita 4,000, na gesi yenye shinikizo kubwa ikakutwa. Mwaka 2018 kampuni nyingine ilirudi kisiwani humo ikachimba kisima cha pili. Mpaka leo hakuna jiko hata moja linalowaka kwa gesi ya Pate. Gesi ile ilikutwa kwenye mwamba wa mchanga, yaani mwamba wenye vitundu vinavyoungana. Mwamba wa namna hiyo ukiwa mzuri huhitaji kutobolewa tu, na gesi hupanda yenyewe. Hivyo ndivyo ilivyo kwa jirani zetu wa Songo Songo kule Kilwa, kisiwa cha wavuvi kama chenu: gesi iligunduliwa mwaka 1974, ikaanza kuzalisha umeme wa Dar es Salaam mwaka 2004, na kazi hiyo inafanywa na visima vichache tu.

Gesi ya video ni nyingine. Inaitwa gesi ya sheli, na waambie wanafunzi haihusiani na sheli ya kuuzia petroli. Ni jina la jiwe. Mimi nitaliita mwamba wa matope, kwa sababu asili yake ni matope laini yaliyotuama chini ya bahari ya kale pamoja na mabaki ya viumbe wadogo, yakafunikwa, yakashindiliwa, yakapikwa kwa joto la ardhi kwa mamilioni ya miaka. Huko ndiko gesi inakopikwa. Mwamba wa matope ni jiko, na mwamba wa mchanga ni sinia. Kwa miaka mia na zaidi wachimbaji walitafuta sinia, wakisubiri gesi itoke jikoni ipakuliwe. Ufundi mpya unaingia jikoni kwenyewe na kukwangua sufuria.

Na sufuria hiyo ni ngumu kukwangua. Vitundu vya mwamba wa matope ni vidogo mno, unywele mmoja wa kichwa ni mnene kuliko vitundu hivyo mara elfu kadhaa. Gesi nyingine imenata kwenye chembechembe za mabaki ya viumbe kama harufu ya udi inavyonata kwenye nguo. Ukitoboa kisima cha wima kwenye jiwe hilo, utapata pumzi kidogo kisha kimya. Ndiyo maana kunahitajika mambo mawili kwa pamoja: kulaza kisima ndani ya tabaka lenyewe, na kulipasua jiwe.

Kulaza kwanza. Chukulia unaanza kuchimba gatini Lamu mjini. Unashuka kilomita tatu na nusu, kisha unaanza kupinda polepole, kwa mkunjo wa mamia ya mita, mpaka bomba linalala. Halafu unaelekea Shela, kilomita mbili au tatu, ndani ya tabaka ambalo sehemu yake nzuri huenda ikawa na unene wa nyumba ya ghorofa mbili tu. Ukipanda mita chache umetoka, ukishuka mita chache umetoka. Watu huniuliza chuma kinapindaje. Ufito wa mkoko ukiwa mfupi ni mgumu, lakini ukiwa mrefu unautikisa kwa mkono mmoja. Bomba la chuma lenye urefu wa kilomita sita ni ufito. Nyuma ya kichwa cha kuchimbia hukaa vyombo vinavyosoma miale ya gama inayotoka kwenye mwamba, kwa sababu tabaka lenye mabaki mengi ya viumbe huwa na miale mingi kuliko majirani zake. Mhandisi aliye juu husoma na kuelekeza, kama nahodha anayepita mlango wa bahari wa Mkanda maji yakianza kutoka: haoni mchanga ulio chini, lakini rangi ya maji inamwambia.

Hapa ndipo kina kinapoleta taabu yake, na wale wanaosema "mlalo ni mlalo" hawajasimama kwenye rigi (mtambo wa kuchimbia) ya kina. Wachina huhesabu kuwa mwamba wa matope ni wa kina ukipita mita 3,500. Visima vya mwanzo vya Fuling, karibu na Chongqing, vilikuwa vifupi zaidi. Kile cha kwanza kilichofungua uwanja huo, mwaka 2012, kilitoa mita za ujazo 203,000 kwa siku kwenye majaribio. Walipoteremka zaidi, huko Luzhou mkoani Sichuan, mwaka 2019 kisima kimoja kilitoa zaidi ya mita za ujazo milioni 1.3 kwa siku. Shinikizo kubwa la chini linabana gesi nyingi zaidi katika nafasi ileile, ndiyo sababu wanashuka. Lakini huko chini joto linakaribia sentigredi 130 au 140, na kwenye uwanja wa Haynesville, mpakani mwa Louisiana na Texas, linapita 150. Vyombo vingi vya elektroniki vya kuchimbia vimetengenezwa kuvumilia 150 hivi. Kimoja kikiungua, unachomoa bomba lote, kilomita sita, kipande kwa kipande, ubadilishe, urudishe. Siku mbili au tatu zimekwenda na rigi inadai kodi yake kila saa. Na tope la kuchimbia, lile linalozungushwa ili lipooze kichwa na kuzuia gesi isipande, lazima liwe zito karibu mara mbili ya maji. Likipungua uzito, gesi inakuja juu. Likizidi, linapasua mwamba na kupotelea humo. Nafasi iliyo kati ya makosa hayo mawili ni nyembamba, na kadiri unavyoshuka ndivyo inavyozidi kubana.

Kisima kikishalazwa, huwekwa mabomba ya chuma na kuzungushiwa saruji. Kisha kipande kwa kipande, kuanzia mwisho wa kisima kurudi nyuma, bomba hutobolewa kwa baruti ndogo na maji yenye mchanga husukumwa humo. Kwa mwamba wa kina, shinikizo la pampu hufika megapaskali 100, zaidi ya mara 400 ya upepo ulio ndani ya tairi la gari. Jiwe linapasuka, mchanga unaingia kwenye nyufa na kuzizuia zisifunge, gesi inapata njia. Kisima kimoja hupasuliwa vipande 20, 30 au zaidi.

Sasa tuingie kwenye hesabu ambayo kwangu ndiyo swali lenyewe la Pate. Kisima kimoja cha kina cha namna hii hunywa maji kama mita za ujazo 30,000. Wape wanafunzi wako hesabu hiyo: ni lita milioni 30, yaani mitungi milioni moja na nusu ya lita 20. Nyumba inayotumia mitungi mitano kwa siku ingekaa na maji hayo miaka 800 na ushei. Mchanga unaweza kufika tani 4,000 kwa kisima. Kwa jahazi la tani 50, hizo ni safari 80, na hujaleta bado saruji, mabomba, dizeli wala pampu. Nawe unajua kwamba kufika Faza ni kungoja maji yajae, na maji mafu yanapokuwa madogo hata boti ya abiria hukwama.

Utasema bahari ipo. Ni kweli, maji ya bahari yanaweza kutumika, na visima vya katikati ya bahari hupasuliwa kwa maji hayohayo kwa kubadilisha dawa zinazochanganywa. Mimi nisingemruhusu mtu yeyote aguse kisima cha maji baridi cha Pate kwa kazi hiyo, hata ndoo moja. Sababu ni umbile la maji yenu. Kisiwani, maji ya mvua yaliyozama mchangani huelea juu ya maji ya bahari yaliyo chini yake, kwa kuwa ni mepesi. Kwa kila mita moja ambayo maji baridi yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna mita kama 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Ukivuta mpaka yakashuka nusu mita juu, unapoteza mita 20 chini, na chumvi inapanda kujaza nafasi. Machuguu ya mchanga ya Shela ndiyo yanayoinywesha Lamu mjini kwa utaratibu huohuo, na ndiyo maana watu wa Lamu huyapigania. Wazee wa Siyu na Pate walijenga majabia ya kukinga mvua kwa sababu walilijua jambo hili kabla ya kitabu chochote cha jiolojia.

Kisha kuna maji yanayorudi. Sehemu ya yale uliyosukuma hupanda tena pamoja na gesi, yakiwa yamechanganyika na chumvi ya kale ya mwambani. Kwenye uwanja wa Marcellus, Pennsylvania, maji hayo hufika chumvi zaidi ya mara tano ya maji ya bahari, na huweza kubeba madini yenye mnunurisho. Huyamwagi mkokoni. Huyamwagi popote. Unayasafisha ili uyatumie kwenye kisima kinachofuata, au unayarudisha chini kwenye kisima maalumu kilichochaguliwa kwa uangalifu. Mtu akija na ramani yake ya gesi bila ramani ya maji haya, hajakuletea mpango.

Kuhusu hatari chini ya nyumba, nitakujibu bila kukuzungusha. Ule mlalo wenyewe, kilomita nne chini, ukipita chini ya msikiti wa Faza hakuna atakayeusikia. Nyufa zinazotengenezwa hupanda makumi ya mita, mara chache mamia. Kati ya ule mwamba na kisima chako cha maji kuna kilomita tatu na zaidi za miamba mingine. Wanaosema nyufa zitafika kisimani wanatishwa na kitu kisicho chenye hatari. Hatari iko kwenye mita 300 za juu, pale kisima cha gesi kinapopita katikati ya maji yenu kikiwa wima, na iko juu ya ardhi, kwenye matangi na mabwawa yanayovuja. Shirika la mazingira la Marekani lilipotoa ripoti yake mwaka 2016 lilitaja mambo hayohayo: kumwagika kwa maji na dawa, visima visivyofungwa barabara, na kuvuta maji mahali yalipo haba.

Saruji ndiyo inayoninyima usingizi. Nilipokuwa mhandisi wa zamu ya usiku ugenini, mkandarasi mmoja aliagiza kazi iendelee kabla saruji ya bomba la juu haijakaza vya kutosha. Nilisema, nikaambiwa saa ni pesa. Nilinyamaza. Kulipopambazuka tuliona mapovu yakipanda kando ya bomba, kwenye dimbwi la mvua. Gesi ilikuwa imejipenyezea njia nyuma ya chuma. Kurekebisha kulichukua majuma, na mkulima wa jirani alianza kuletewa maji kwa lori. Tangu siku ile sijakubali kusaini kisima bila kuona kipimo cha saruji kwa macho yangu, na nasikitika kwamba usiku ule sikusimama.

Mitetemeko pia usiipuuze. Karibu na Blackpool, Uingereza, upasuaji ulileta mtetemeko wa ukubwa wa 2.3 mwaka 2011 na mwingine wa 2.9 karibu na mji huohuo Agosti 2019, na miezi michache baadaye serikali ikasimamisha kazi hiyo. Huko Changning, Sichuan, mtetemeko wa Desemba 2018 ulifika 5.7 na kuharibu nyumba, na wanasayansi wakauhusisha na upasuaji wa mwamba. Si kila mahali hutetemeka, inategemea kama kuna ufa wa kale ulio tayari kuteleza. Lakini kuta zenu ni za matumbawe na chokaa, na ngome ya Siyu haikujengwa kwa kungojea mitetemeko.

Tuseme sasa, kwa ajili ya hoja tu, kwamba maji yamepatikana, saruji ni nzuri, ardhi imetulia. Bado kuna jambo ambalo vijana hawalioni kwenye video. Kisima cha mwamba wa matope huanza kwa kishindo, na mwaka wa kwanza tu hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake, mara nyingi asilimia 60 au 70. Vile vitundu vya karibu na nyufa vikishatoa, vya mbali vinatoa kwa kudondoka. Kwa hiyo ili uwanja uendelee kutoa kiasi kilekile, lazima uchimbe kingine, na kingine. Ni kama dau linalovuja: unafua maji ukiwa safarini, na ukiuweka chini upo wa kufulia maji unazama. Haynesville walipopunguza rigi kwa sababu bei ya gesi ilianguka, uzalishaji ulishuka kwa kasi baada ya 2011, ukarudi tu rigi ziliporudi. Barnett, karibu na Fort Worth, ina visima zaidi ya 15,000. Ukiona neno "uwanja" kwenye habari za gesi ya sheli, usione kisima. Ona kiwanda cha kuchimba kisicholala.

Na kiwanda hicho kinasimama juu ya vitu vilivyokuwepo kabla yake. George Mitchell, mtoto wa kisiwa cha Galveston aliyezaliwa na mhamiaji Mgiriki aliyewahi kuchunga mbuzi, alianza kuuchokonoa mwamba wa Barnett mwaka 1981. Wahandisi wake walipata mchanganyiko wa maji uliofaa mwaka 1998 hivi. Miaka 17, mahali ambapo mabomba ya gesi yalikuwa yamepita tayari, rigi ziko jirani, wanunuzi wako mlangoni, na miamba imetobolewa mara maelfu. Bonde letu la Lamu, kuanzia bara mpaka bahari kuu, halina hata visima 30 vya utafiti. Poland walikuwa na zaidi ya tulichonacho. Mwaka 2011 Wamarekani waliwakadiria mita za ujazo trilioni 5.3 za gesi ya sheli. Mwaka uliofuata wanajiolojia wao wenyewe walipohesabu upya wakapata bilioni 346 mpaka 768, na kampuni kubwa zikaanza kufunga virago. Makadirio yalisomwa kama akiba ya benki.

Basi jibu langu ni hili, Mwalimu: hapana, ufundi wa mlalo na upasuaji hauifungui gesi ya wazee wa Pate. Kama gesi ile ya mwamba wa mchanga inastahili kutolewa, itatolewa kwa visima vichache, pengine kimoja kikiwa cha mlalo ili kupunguza idadi ya viwanja juu ya ardhi, na huo ni mjadala ambao ningependa kuuona ukifanyika kwa takwimu mezani. Lakini kiwanda cha gesi ya sheli juu ya kisiwa chenye maji ya kuelea, barabara za mchanga na bandari za kungojea maji kujaa, mimi siwezi kukitetea, nami kazi hii naipenda na imenilisha maisha yangu yote.

Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 inazipa kaunti asilimia 20 na jamii ya mahali asilimia 5 ya sehemu ya serikali. Ni haki yenu, lakini asilimia 5 ya kisima kilichokauka ni sifuri, kwa hiyo msianzie hapo. Anzieni kwenye kushirikishwa: kibali cha mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi kilifutwa na Jopo la Kitaifa la Mazingira (NET) Juni 2019 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Na kuna kazi ambayo darasa lako linaweza kuianza juma lijalo, kampuni ije isije. Siku maji yakiharibika popote duniani, swali la kwanza mahakamani huwa: yalikuwaje kabla? Watu wengi hawana la kujibu. Tafuteni kipimo kidogo cha chumvi cha kutumbukiza kwenye maji, hakina bei kubwa. Chagueni visima kumi vya Faza, Mbwajumwali na Kizingitini. Kila mwezi pimeni chumvi, na kwa kamba yenye mafundo pimeni maji yako chini kiasi gani kutoka mdomo wa kisima, saa ileile ya kujaa kwa bahari. Andikeni tarehe, kama ni kusi au kaskazi, kama mvua imenyesha. Mkiweza kupeleka sampuli maabara mara moja kwa mwaka, ombeni wapime kloridi na methani. Daftari likijaa, litengenezeni nakala: moja ibaki shuleni, moja kwa imamu au mzee wa mtaa, na moja nitumie Malindi, nitakuchorea grafu ya mwaka mzima kwa mkono wangu.